Jenetiki ya Vimelea na Ushahidi wa Malaria ya Kuzaliwa Nayo: Mfano wa Bonde la Kilombero

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna jenetiki ya vimelea inavyoweza kutumika kubaini iwapo mtoto mchanga aliyekutwa na vimelea vya malaria ameambukizwa na mama yake au na mbu. Hoja kuu ni kwamba vinasaba vya kimelea vina dhima mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni dhima ya utambulisho, yaani kuonesha kimelea kimetoka wapi. Ya pili ni dhima ya uwezo, yaani kukiwezesha kimelea kukaa katika kondo la nyuma, kuhimili dawa au kumfikia mtoto. Kwa kutumia Bonde la Kilombero kama uwanja wa mfano, na kwa kulinganisha na ugonjwa wa Chagas wa Amerika ya Kusini na ya Kati, makala yanaonesha kuwa kufanana kwa vimelea vya mama na vya mtoto ni ushahidi wa lazima lakini usiojitosheleza. Inahitimishwa kwamba muda wa kuchukua sampuli una uzito sawa na kipimo chenyewe.

1.0 Utangulizi

Bonde la Kilombero liko mkoani Morogoro, kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mafuriko ya kila mwaka hulifanya kuwa ghala la mpunga, na pia mazalia ya mbu. Wakati wa kilimo familia nyingi huhamia katika vibanda vya shambani, ambako kinga dhidi ya mbu huwa hafifu kuliko nyumbani. Mji wa Ifakara umekuwa kituo cha utafiti wa magonjwa ya vimelea tangu mwaka 1957, pale Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara ambayo baadaye ilikua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Katika vijiji vya Namawala na Idete, tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilionesha kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea mamia ya mara kwa mwaka. Hali hiyo imebadilika kwa kiasi kikubwa kutokana na vyandarua vyenye dawa, tiba bora na mabadiliko ya makazi. Leo mbu wa jamii ya Anopheles funestus ndiye anayeongoza katika kueneza malaria bondeni. Kaindoa na wenzake (2017) walimhusisha na zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi katika vijiji walivyovichunguza. Kitaifa, kiwango cha vimelea kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilishuka kutoka takriban asilimia 18 mwaka 2008 hadi takriban asilimia 8 mwaka 2022.

Kushuka huko kunalipa swali la mtoto mchanga uzito mpya. Pale ambapo karibu kila mtu alikuwa na vimelea, chanzo cha vimelea vya mtoto hakikuwa na athari kubwa katika mipango ya afya. Pale ambapo mbu wenye vimelea wamepungua, ni muhimu kujua iwapo maambukizi ya siku za mwanzo za maisha yanatokana na chandarua kilichotoboka au na ujauzito ambao haukukingwa vya kutosha. Majibu hayo mawili yanadai hatua mbili tofauti.

2.0 Ufafanuzi wa istilahi

Katika mazungumzo ya kawaida, ugonjwa ambao mtoto huupata kwa mamaye huitwa ugonjwa wa kurithi. Istilahi hiyo haifai hapa. Kurithi, kwa maana ya kibayolojia, ni kupokea jeni za wazazi, kama inavyotokea katika selimundu. Mtoto anayezaliwa na malaria hajarithi chochote kinachohusiana na ugonjwa huo; ameambukizwa kiumbe kingine chenye jeni zake chenyewe. Kwa hiyo neno jenetiki katika makala haya linahusu jeni za kimelea, wala si za mama au mtoto.

Malaria ya kuzaliwa nayo ni kuwapo kwa vimelea vya malaria katika damu ya mtoto ndani ya siku saba tangu azaliwe. Kikomo cha siku saba kimetokana na tabia ya kimelea. Mbu anapomuuma mtu, Plasmodium falciparum huingia kwanza katika ini na kukaa humo kwa takriban siku sita kabla ya kutoka na kuvamia chembe nyekundu za damu. Siku kadhaa zaidi hupita kabla ya idadi yake kutosha kuonekana kwa hadubini. Hivyo basi, kimelea kinachoonekana siku ya tatu ya maisha hakiwezi kuwa kimeletwa na mbu aliyemuuma mtoto baada ya kuzaliwa.

Neno kloni linatumika kwa maana ya kundi la vimelea lenye jeni zinazofanana kabisa. Mtu mmoja anaweza kubeba kloni kadhaa kwa wakati mmoja, na hali hiyo ndiyo inayoufanya uchambuzi huu uwe mgumu na wenye manufaa.

3.0 Njia ya kimelea kupitia kondo la nyuma

Katika kondo la nyuma, damu ya mama huzunguka katika nafasi zilizo kati ya vinyweleo vya kondo, huku damu ya mtoto ikipita ndani ya vinyweleo hivyo. Damu hizo mbili hutenganishwa na tabaka la seli zilizoungana bila mianya. Chembe nyekundu zenye Plasmodium falciparum hurundikana upande wa mama. Kimelea hiki hakina uwezo wa kulivamia tabaka hilo na kuzaliana ndani yake; makao yake katika hatua hii ni chembe nyekundu ya damu. Kwa sababu hiyo, kwa kiasi kikubwa kupita kwa kimelea ni kupita kwa damu ya mama, hasa pale tabaka linapopasuka kidogo, jambo linaloweza kutokea wakati wa uchungu wa kuzaa.

Trypanosoma cruzi, kimelea cha ugonjwa wa Chagas, kina tabia tofauti. Ugonjwa huo ulielezwa na Carlos Chagas nchini Brazil mwaka 1909, na kimelea chake huvamia seli za aina nyingi na kuzaliana ndani yake, zikiwamo za kondo. Takriban mama 5 kati ya 100 wenye ugonjwa huo humwambukiza mtoto. Ulinganisho huu ni wa msingi kwa hoja ya makala: katika Chagas ni halali kuuliza iwapo aina fulani ya kimelea hulivunja tabaka la kondo kwa urahisi kuliko nyingine, ilhali katika malaria swali hilo halina budi kuulizwa kwa namna nyingine, kama sehemu ya 6.0 inavyoonesha.

4.0 Jenetiki kama utambulisho

Jeni zinazotumika sana kutofautisha kloni za Plasmodium falciparum ni msp1 na msp2. Jeni hizo zina sehemu zinazotofautiana kwa urefu na mpangilio kutoka kloni moja hadi nyingine. Wataalamu wa Kilombero wana uzoefu wa muda mrefu wa mbinu hii. Katika kijiji cha Idete, ambako chanjo ya majaribio ya SPf66 ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, jeni ya msp2 ilitumika kuhesabu kloni katika damu ya watu wa rika mbalimbali. Smith na wenzake (1999) walionesha jinsi idadi hiyo inavyohusiana na umri. Mantiki hiyohiyo hutumika katika majaribio ya dawa, pale inapobidi kujua iwapo mgonjwa aliyerudi na vimelea ameshindwa kupona au ameumwa na mbu mwingine.

Nguvu ya utambulisho hutegemea uhaba wa kila aleli katika jamii. Tuchukue mfano wa kubuni wa hesabu. Mama ana kloni nne zenye aleli nne tofauti katika jeni moja, na kila aleli hubebwa na asilimia 10 ya vimelea vya eneo lake. Kimelea chochote kitakacholetwa na mbu kina uwezekano wa 0.4 wa kufanana na mojawapo ya aleli hizo kwa bahati tu. Tukitumia jeni mbili zisizofungamana zenye sifa hizohizo, uwezekano hushuka hadi 0.16, tukitumia tatu, 0.064, tukitumia tano, takriban 0.01. Mtafiti anayetumia jeni moja tu na kutangaza kwamba mtoto ameambukizwa na mama anajenga hoja juu ya msingi mwembamba, hasa kama mama ana kloni nyingi.

Kuna ushahidi mwingine ulio na nguvu zaidi, nao unatokana na uzazi wa kimelea. Ndani ya mbu, vimelea vya kike na vya kiume huungana na jeni zao huchanganyika upya. Kama mbu amenyonya kloni mbili tofauti kutoka kwa mama, kizazi kitakachomfikia mtoto kinaweza kuwa na mchanganyiko wa jeni za kloni zote mbili. Kinyume chake, kimelea kinachopita moja kwa moja kutoka damu ya mama hadi ya mtoto hakipitii hatua hiyo. Jeni zake hubaki katika mpangilio uleule. Kwa hiyo, kama vinasaba vyote vya kimelea vikisomwa, maambukizi ya moja kwa moja yataonesha kloni ileile, ilhali maambukizi kupitia mbu yanaweza kuonesha vimelea vilivyo ndugu. Kikwazo ni kwamba mama mwenye kloni moja tu haachi alama hiyo, kwa kuwa mzao wa kloni moja iliyoungana na nafsi yake hufanana nayo.

5.0 Kwa nini kufanana pekee hakutoshi

Kikwazo cha kwanza ni damu ya kitovu. Sampuli hii hupatikana kwa urahisi na bila kumchoma mtoto, lakini inaweza kuchanganyika na damu ya mama wakati wa kujifungua. Kipimo cha PCR hugundua vinasaba kidogo mno, hata vya vimelea vilivyokufa. Hivyo kufanana kwa vimelea vya damu ya kitovu na vya mama kunaweza kumaanisha maambukizi, au kunaweza kumaanisha uchafuzi wa sampuli. Jenetiki haiwezi kuamua kati ya hayo mawili, kwa sababu yote mawili hutoa jibu lilelile. Kinachoamua ni sampuli ya pili, iliyochukuliwa kwenye kisigino cha mtoto baada ya saa kadhaa au siku chache. Tafiti za malaria ya watoto wachanga, ukiwamo ule wa Mwangoka na wenzake (2008) wilayani Muheza, zinapaswa kusomwa kwa kuzingatia aina ya sampuli na kipimo kilichotumika kabla ya viwango vyake kulinganishwa.

Kikwazo cha pili ni uchache wa vimelea vinavyopita. Mara nyingi damu ya mtoto huonesha baadhi tu ya kloni za mama. Ni rahisi kudhani kwamba kondo limechuja, au kwamba kloni zilizopita zina uwezo wa pekee. Turudi kwenye hesabu. Kama kloni A ni asilimia 95 ya vimelea vya mama na kloni B ni asilimia 5, na chembe 10 zenye vimelea zikapita bila upendeleo wowote, uwezekano wa kloni B kukosekana kabisa ni 0.95 kwa kipeo cha 10, yaani takriban 0.6. Kukosekana kwa B kunakuwa jambo la kawaida. Hata zikipita chembe 50, uwezekano huo bado ni takriban 0.08. Dai la uteuzi wa kloni linahitaji jozi nyingi za mama na mtoto pamoja na makadirio ya wingi wa kila kloni.

Kikwazo cha tatu ni kinyume cha cha pili: mtoto anaweza kuonesha kloni ambayo haikuonekana kwa mama. Hilo halithibitishi kuwa imeletwa na mbu. Vimelea vilivyokomaa hujificha katika kondo, hivyo damu ya kidole cha mama inaweza isioneshe kloni iliyo nyingi kondoni. Aidha, kloni inaweza kuwa ilipita wiki kadhaa kabla ya kujifungua, kisha ikaisha kwa mama baada ya kunywa dawa.

Kikwazo cha nne kinahusu chandarua kimoja. Mama na mtoto hulala pamoja. Mbu aliyekatizwa anaponyonya anaweza kumuuma mama, kisha mtoto, katika usiku mmoja na kuwapa wote wawili kloni ileile. Ikiwa mtoto atapimwa akiwa na wiki tatu, na mama akapimwa siku hiyohiyo, kufanana kwao kutakuwa kamili ingawa hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Kwa hiyo sampuli ya mama inayofaa kulinganishwa ni ile ya siku ya kujifungua.

6.0 Jenetiki kama uwezo

Je, jeni za Plasmodium falciparum hazina nafasi yoyote katika kuamua nani ataambukizwa? Zinayo, lakini nafasi hiyo iko upande wa mama. Fried na Duffy (1996), wakifanya utafiti Kisumu nchini Kenya, walionesha kwamba vimelea vya kondo hunata kwenye kondroitini salfeti A, aina ya sukari iliyopo kondoni. Baadaye ilibainika kwamba protini inayonata ni VAR2CSA, ambayo jeni yake imo katika familia ya jeni za var. Wanawake wa mimba ya kwanza hawana kingamwili dhidi yake, na hivyo huathirika zaidi. Mimba zinavyoongezeka ndivyo kingamwili zinavyojengeka. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa hana kondo, hivyo uwezo wa kunata kwenye kondo haukisaidii kimelea kuishi ndani ya damu yake. VAR2CSA huongeza wingi wa vimelea mlangoni, haifungui mlango.

Nafasi ya pili ni usugu dhidi ya dawa. Wajawazito nchini Tanzania hupewa SP kliniki kwa vipindi. Mabadiliko katika jeni za dhfr na dhps za kimelea hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Huko Muheza, Harrington na wenzake (2009) walihusisha matumizi ya SP na ongezeko la vimelea sugu kondoni, hasa vyenye badiliko katika nafasi ya 581 ya dhps. Huko Korogwe, Minja na wenzake (2013) walihusisha vimelea vyenye badiliko hilo na uzito mdogo wa kuzaliwa. Matokeo hayo ni ya mkoa wa Tanga, na hayapaswi kuhamishiwa Kilombero bila vipimo vya Kilombero.

Ipo pia hali ambayo kondo lenye malaria humwathiri mtoto bila kimelea kumfikia. Mutabingwa na wenzake (2005) waligundua Muheza kwamba malaria ya kondo ilibadili hatari ya mtoto kupata vimelea baadaye, na athari hiyo ilitegemea idadi ya mimba za mama. Huko Msambweni, pwani ya Kenya, Malhotra na wenzake (2009) walieleza watoto ambao kinga yao ilionekana kuvumilia vimelea kutokana na kukutana na malaria wakiwa tumboni. Katika hali kama hizo, kimelea cha mtoto kimeletwa na mbu, ilhali udhaifu wake umeanzia katika ujauzito. Jenetiki ya utambulisho itasema kwamba chanzo ni mbu, nayo itakuwa sahihi. Lakini atakayehitimisha kwamba ujauzito hauhusiki atakuwa amekosea.

Kwa upande wa Chagas, vimelea vimegawanywa katika makundi makuu sita, TcI hadi TcVI, pamoja na kundi la popo. Kundi la TcV hupatikana kwa watoto wengi walioambukizwa kusini mwa Amerika ya Kusini, lakini ndilo pia lililoenea miongoni mwa watu wazima wa maeneo hayo. Hapa tena utambulisho haupaswi kugeuzwa kuwa uwezo: wingi wa aina fulani kwa watoto hauthibitishi chochote kabla ya kulinganishwa na wingi wake kwa akina mama.

7.0 Athari kwa utafiti na tiba

Kutokana na hoja zilizotangulia, utafiti wa jozi za mama na mtoto katika Bonde la Kilombero unapaswa kukusanya sampuli nne: damu ya pembeni ya mama siku ya kujifungua, damu ya kondo, damu ya kitovu, na damu ya kisigino cha mtoto baada ya siku moja hadi tatu. Jeni zichambuliwe kwa wingi unaoruhusu uwezekano wa kufanana kwa bahati kukadiriwa, na uwezekano huo utajwe wazi. Aidha, familia iulizwe mahali ilipolala, nyumbani au shambani.

Upande wa tiba, mtoto mchanga mwenye malaria huweza kuwa na homa, kushindwa kunyonya na manjano, dalili zilezile za maambukizi ya bakteria katika damu. Mganga hawezi kuzitofautisha kwa macho. Asipopima vimelea, mtoto atapewa viuavijasumu pekee. Akipima na kukuta vimelea, asisite kutafuta bakteria pia, kwa kuwa vimelea vichache vilivyopita wakati wa uchungu mara nyingi hutoweka vyenyewe, huku kingamwili za mama na himoglobini ya kijusi vikimkinga mtoto. Majibu ya jenetiki huchukua siku au wiki. Kamwe yasisubiriwe ili mtoto mgonjwa atibiwe.

Umri huu umekaa muda mrefu nje ya mipango ya kinga na tiba. Jaribio la Ifakara la Schellenberg na wenzake (2001) lilionesha kwamba SP iliyotolewa pamoja na chanjo za utotoni ilipunguza malaria kwa asilimia 59, lakini dozi ya kwanza ilitolewa mtoto akiwa na miezi miwili. Ni Julai 2025 tu ambapo mamlaka ya dawa ya Uswisi iliidhinisha dawa ya artemetha-lumefantrini iliyoandaliwa kwa watoto wa chini ya kilo 5, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoshiriki katika tathmini yake. Dawa ikishapatikana, kuhesabu wanaoihitaji kunakuwa suala la bajeti ya wilaya, na hesabu iliyojengwa juu ya damu ya kitovu iliyochafuliwa itapotosha bajeti hiyo.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba vinasaba vya kimelea vinaweza kusema kimetoka wapi na vinaweza kusema kina uwezo gani, lakini kauli moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine. Katika malaria, uwezo wa kijenetiki huonekana zaidi katika kurundikana kondoni na kuhimili dawa; hatua ya mwisho ya kumfikia mtoto hutegemea sana kupita kwa damu ya mama. Kwa hiyo mtoto anayeonesha kloni chache za mama asichukuliwe kuwa uthibitisho wa kloni zenye nguvu mpaka bahati, uchafuzi wa sampuli na mbu wa pamoja viondolewe kimoja baada ya kingine. Kwa Bonde la Kilombero, ambako mbu wenye vimelea wamepungua lakini hawajaisha, kazi hiyo inaanzia chumba cha kujifungulia, kwa sampuli ya mama iliyochukuliwa siku ileile.